Wiski ya miaka mingi: tununue pipa Uskoti, chupa za mnada, ama tuweke chupa za hapa Nairobi? Chama kiko na laki sita

Njeri_Umoja2
Wadau habari zenu. Chama chetu tuko wanane, tulianza na elfu tano kila mwezi na saa hii kuna laki sita imekaa tu benki. Ploti tulijaribu upande wa Kamulu tukachoka na mambo ya taitodidi. Sasa mmoja wetu anafanya kazi hotelini Dubai ameleta hii maneno ya wiski iliyokomaa, anasema watu wanaomoka nayo. Ametupea njia tatu: tununue pipa la wiski changa Uskoti likae huko miaka 12 ndio tuuze, ama tununue chupa adimu kwa mnada wa Uingereza, ama tununue katoni za zile za miaka 12 na 18 hapa hapa Nairobi tufungie stoo mpaka zipande bei. Mimi ndio mweka hazina na hii biashara siijui, na pesa ni za watu wamejinyima, so naomba anayejua aniambie ukweli. Hiyo ya tatu ndio inanivuta ju chupa naiona na macho yangu.

Kiprono_Donholm
Dada Njeri hiyo ya tatu itoe leo leo. Wiski haizeeki ikiwa kwa chupa. Kinachoikomaza ni mbao ya pipa, ikitolewa kwa mbao imesimama hapo. Hiyo 12 kwa lebo ni miaka ya wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo ndani, na ukiiweka miaka ishirini itakuwa bado ni ya miaka 12, tena imechoka.

Nakuambia nikijua. Mzee wetu alipewa chupa ya miaka 12 akistaafu 1998, akailaza kwa woluniti kando ya zile sahani za harusi, juu ya kitambaa cha kushona, na hakuna mtu alikubaliwa kuigusa. Tulikuwa tunahesabu kila Krismasi, sahi iko na miaka 20, sahi iko na 30. Mwaka jana ndugu yangu akioa mzee akasema ifunguliwe. Kwanza wiski ilikuwa imeshuka kutoka shingoni mpaka mabegani na hakuna mtu ameonja. Alafu kizibo kikakatika nusu, ile nusu ya chini ikaingia ndani vipande vipande kama makombo ya mandazi. Tulichuja na kichungi cha chai. Kumbe chupa ya wiski husimamishwa, hailazwi kama waini, ju hiyo pombe kali inakula kizibo. Mzee alinyamaza kabisa na mimi iliniuma sana.

Mama_Tasha_Rongai
Naongezea kwa hiyo ya tatu. Utamuuzia nani? Sheria ya pombe ya 2010 inataka leseni, hamuwezi tu kuuza kwa status ya WhatsApp. Na bei ya dukani hapa ishabeba ushuru wa forodha, VAT 16% na ushuru wa bidhaa, ambao tangu mwisho wa 2024 ni shilingi 10 kwa kila sentilita ya pombe tupu, yaani chupa ya sentilita 70 yenye 40% ni kama 280 kwa hiyo moja peke yake. Hizo pesa zishaenda, mnunuzi wa mnada London hatakurudishia. Mimi niko na duka na ninalipa hizo vitu kila mwezi, naongea nikijua.

Njeri_Umoja2
Asanteni, hiyo imeisha. Sasa pipa. Huyo muuzaji wa mapipa ametutumia brosha inasema faida haiwezi kukosa ju kila mwaka pipa linapanda. Na kuna mwanachama anauliza kama tunaweza kuleta hilo pipa likae kwa godauni Ruiru, tuwe tunaenda kuliangalia.

Omosh_Kliaring
Ruiru haiwezekani. Nafanya kliaring hapa Embakasi miaka tisa na hilo swali nishaulizwa. Kisheria Scotch, yaani wiski ya Uskoti, lazima ikomae Uskoti kwenyewe, ndani ya pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, miaka 3 ikiwa ndogo zaidi. Na single malt, ile ya shayiri ya kimea kutoka kiwanda kimoja, tangu Novemba 2012 haitoki Uskoti ikiwa kwa pipa, lazima itiwe chupa huko huko. So pipa lenu litabaki kwa godauni la bondi, yaani la mzigo ambao haujalipiwa ushuru, chini ya macho ya HMRC, ambayo ni kama KRA yao. Uzuri ni kwamba likiwa bondi hamlipi ushuru wa pombe wa Uingereza, ubaya ni kwamba mnalipa kodi ya kuliweka na bima, na brosha nyingi zinaandika hiyo maneno kwa herufi ndogo.

Kitu nataka mshike ni karatasi. Cheti kizuri chenye muhuri wa dhahabu si umiliki. Umiliki unahamishwa na dilivari oda, muuzaji anaiandikia godauni kwamba pipa namba fulani sasa ni la fulani, na godauni yenyewe inakubali na kuandika jina lenu kwa vitabu vyake. Na kwa vile mnaishi nje ya Uingereza ulizeni mapema nani atawawakilisha kwa mambo ya ushuru huko.

Wanjala_B
Sijawahi kuandika hii mahali. 2021 nilituma pauni 2,800, pesa za gratuiti yangu, kwa kampuni moja ya mtandaoni, siitaji jina. Nilipata cheti kwa bahasha nzito, namba ya pipa, picha ya pipa, kila kitu. Miaka mitatu baadaye nikataka kuuza, mnunuzi akauliza dilivari oda, mimi hata hilo neno sikuwa nalijua. Nikaandikia godauni moja kwa moja. Wakanijibu kwa adabu tu kwamba pipa hilo liko lakini kwa vitabu vyao si langu na halijawahi kuwa langu. Nilisoma hiyo imeili nikiwa kwa mat ya Kawangware na nikapitisha steji mbili bila kujua. 2025 BBC walichunguza hii biashara wakapata mapipa mengine yameuziwa watu kadhaa, pipa moja, kila mtu na cheti chake. Njeri tafadhali, godauni ijibu kwanza ndio pesa ifuate.

Njeri_Umoja2
Pole sana Wanjala, na asante kwa kutuambia. Nimesimamisha malipo, tulikuwa tutume Ijumaa.

Achieng_Glasgow
Jamani naishi huku na nimefanya kazi kwa bohari za wiski, wacha niwapigie hesabu. Tuseme ni hogshead, pipa la kama lita 250, limejazwa kwa nguvu ya 63.5%. Hapo mko na kama lita 158 za pombe tupu. Kila mwaka inapungua kwa kama 2%, inapita kwa mbao inaenda hewani, huku wanaita fungu la malaika, na ukiingia bohari asubuhi hiyo harufu inakupokea mlangoni, tamu kama ndizi zimeiva sana, kuta za nje zimekuwa nyeusi kwa kuvu inayokula huo mvuke. Miaka 12 ikiisha mko na kama lita 124 za pombe tupu, ukitia chupa kwa 46% ni chupa 380 na kitu. Lakini hiyo ni pipa likiwa zima. Kuna mapipa yanavuja pole pole na ikishuka chini ya 40% haiwezi tena kuitwa wiski kisheria. Ndio maana unaitisha vipimo vipya, lita ngapi na nguvu ngapi, si zile za siku lilijazwa.

Ulizeni pia jina. Kuna viwanda vinauza pipa lakini vinakataza jina lao lisiwe kwa chupa, vingine vinatia kijiko cha wiski ya kiwanda kingine ndani isiweze kuuzwa kama single malt yao. Unaweza kuwa na wiski nzuri kabisa na usiwe na jina la kuiuza nalo.

Na hilo neno la kila mwaka kupanda si kweli. Uskoti iko na mapipa zaidi ya milioni 22 yamelala yakikomaa. Mauzo ya nje yalikuwa pauni bilioni 6.2 mwaka 2022, 2024 yakashuka 5.4. Watu wana tumaini na India ju mkataba waliosaini na Uingereza Julai 2025 unashusha ushuru kutoka 150% hadi 75% na baadaye 40 baada ya miaka kumi, lakini wauzaji wote wanaangalia soko hilo hilo. Kwa laki sita mtapata pipa moja. Moja likivuja, hamna lingine.

Mzee_Githinji
Naona chupa za mnada hamjazigusa. Nanunua kidogo kidogo na kwa hizo tatu ningechagua hiyo, lakini si kwa kufuata zile habari za chupa ya 1926 ya kiwanda cha Macallan cha Uskoti iliyouzwa zaidi ya pauni milioni 2 London Novemba 2023. Ile ilikaa kwa pipa miaka 60 na zilitoka chupa 40 pekee. Wengi walionunua bei zikiwa juu 2022 wako chini sahi. Na kuna feki: 2018 maabara moja ya Uskoti ilipima chupa 55 za zamani kwa kaboni, 21 zikapatikana ni feki ama si za mwaka ulioandikwa. Mwaka mmoja kabla, hoteli ya Uswisi iliuza toti moja ya Macallan ya 1878 kwa karibu faranga 10,000, ikapimwa, ikawa si ya 1878.

Mimi nanunua matoleo madogo ya karibuni, ya viwanda vinavyotia namba ya pipa na idadi ya chupa kwa lebo, chupa ya pauni 100 hadi 200, na naziacha huko huko kwa rafiki Edinburgh, zimesimama, mbali na jua. Sileti Nairobi ya kuuza. Ukiingia JKIA unaruhusiwa lita moja tu ya spiriti bila ushuru, na ikishafika hapa kuirudisha mnada ni gharama juu ya gharama. Mnada nao unakata komisheni, mara nyingi kwa muuzaji na kwa mnunuzi. Chupa ikipanda 10% bado uko hasara.

Kiprono_Donholm
Na Japani je? Naona watu wanalia na Yamazaki, ile wiski yao.

Mzee_Githinji
Bei ishapanda kabla yetu. Na angalia lebo vizuri, kabla ya kanuni za 2021 za watengenezaji wao kulikuwa na chupa zinaitwa za Japani na ndani ni wiski imetoka Uskoti kwa tangi. Sahi wanachama wao lazima wachachushe, watoneshe na wakomaze Japani kwenyewe miaka 3. Kwa chama cha mara ya kwanza ningeiacha.

Njeri_Umoja2
Tumekaa jana kwa simu wote wanane. Laki tano inaenda bondi ya serikali ya miaka miwili, laki moja ndio tutajaribu nayo chupa kama nne tano za vile Mzee Githinji amesema, dada wa mmoja wetu yuko Leeds atakaa nazo. Kwa upande wa pipa niliandikia muuzaji nikaitisha vitu vitatu: dilivari oda kwa jina la chama, vipimo vya mwaka huu, na jina la godauni niwaandikie mwenyewe. Amejibu kwamba hayo yote hupatikana baada ya malipo kukamilika.

Wanjala_B
Hata mimi niliambiwa hivyo, neno kwa neno. Nitumie imeili yao inboksi nilinganishe na yangu.