Riwaya za vijana za kunusurika ambazo ni za ajabu kweli kweli, zipi mmezipenda?

njaa_ya_kurasa:
Wakuu habari zenu. Naomba maoni ya wale wanaosoma fantasia za vijana, hasa hizi za kupambana kubaki hai, ipi ni ya ajabu kupitiliza na bado inakuogopesha? Maana tangu The Hunger Games itoke 2008 naona kila mtu kaandika ya kwake, watoto wanatupwa sehemu, wanauana, anatokea mmoja mwenye kipaji, basi. Na zile zenye uchawi ndo balaa zaidi, sura ya tatu tu mhusika kashapata nguvu na kuanzia hapo hasikii tena kiu, kidonda hakiozi, ni kupigana na kupendana mpaka mwisho. Mi nataka ule uajabu wenyewe ndo uwe kitu cha kunusurika. Spoila jamani hapana, nawaomba.

BintiMsomaji:
Wilder Girls ya Rory Power, 2019. Shule ya wasichana iko kisiwani, wamewekwa karantini mwaka na nusu sasa, na kuna ugonjwa unawageuza miili, mmoja jicho limefunga kabisa na anahisi kuna kitu kinakua ndani, rafiki yake kaota uti wa mgongo wa pili, mwingine mkono umekuwa wa magamba. Ila mi kilichonitisha si magamba, ni pale chakula kikifika wasichana wanavyogombania, na wewe unajua hawa hawa walikuwa wanasoma darasa moja. Mwisho wake wengi wameulalamikia kwamba haufungi mambo, mi sikujali.

mkavu_kidogo:
Dada hapo kwa Wilder Girls nakataa. Lugha tamu sana, sawa, lakini mwili unaota chochote mwandishi anachojisikia, sasa mi nitaogopa nini kama sijui kipi kinaua na kipi ni pambo? Uajabu bila sheria hautishi, unashangaza tu mara ya kwanza, ya pili ushazoea.
Mkuu uliyeuliza, chukua A Deadly Education ya Naomi Novik, ya 2020. Shule ya uchawi haina mwalimu hata mmoja, madude yanapita kwenye matundu ya hewa yanakula wanafunzi, hata kuoga huendi peke yako, na chakula unakikagua kwanza kabla hujapeleka mdomoni. Ukifika mwaka wa mwisho ili uhitimu lazima upite ukumbi uliojaa hayo madude yana njaa. Na lile tatizo lako la nguvu kalimaliza vizuri, huyo binti ana kipaji cha kuangamiza watu wengi kwa mpigo ambacho hakimsaidii kitu, anaomba uchawi wa kusafisha chumba anapewa wa kukichoma moto 😂 Halafu nguvu yenyewe haiji bure, anapiga pushapu, anafuma kroshia huku anaichukia, ndo apate akiba.

kobe_wa_maktaba:
Ni nzuri ila inaeleza mnoooo. Mtu anataka kukaa mezani ale, tunapewa kwanza historia ya ile meza, nani anakaa wapi na kwa nini, dude limeshafika bado tunaelezwa. Mi nilikuwa naruka aya.
Kwangu mimi hakuna kama The Knife of Never Letting Go ya Patrick Ness, nayo ni ya 2008. Kila mwanaume mawazo yake yanasikika, wanyama nao, masaa yote, usiku na mchana. Sasa fikiria huyo kijana anakimbia anawindwa na watu halafu kichwa chake kinapiga kelele pale alipo, unajificha vipi hapo? Huo ndo uajabu wa kunusurika anaoutaka mkuu, huwezi kuutoa hadithi ikabaki. Na kuna mbwa anaongea, tena anaongea kimbwa mbwa hivyo hivyo, hana hekima yoyote, shida zake ni haja kubwa na kindi. Yule mbwa mwenyewe sasa

BintiMsomaji:
Ishia hapo hapo kaka 😭 kasema hataki spoila

kobe_wa_maktaba:
Sijasema kitu mimi!

mkavu_kidogo:
Ushasema tayari. Ila kwa hilo la kelele nakuunga mkono, ile ina sheria moja tu na mwandishi haivunji ili amwokoe mtu.

njaa_ya_kurasa:
Aisee mmenipa kazi. Nadhani naanza na hiyo ya mawazo kusikika, ingawa nishaanza kumhofia mbwa wa watu. Swali moja, inaisha yenyewe au ndo zile mpaka ununue na nyingine?

kobe_wa_maktaba:
Ni ya kwanza kati ya tatu, na haina huruma, inakatikia pabaya mno. Uwe na ya pili mkononi kabla hujamaliza.

BintiMsomaji:
Ya mkavu nayo ziko tatu, ya mwisho ilitoka 2022. Wilder Girls ni moja tu inajitegemea, nasema tu 😌