Tupeane uzoefu: malengo ya ski za masafa marefu, hadi kilomita 90

Mleta uzi
Wakuu, habari za baridi. Kwa mlioko Skandinavia mnaoiwazia Vasaloppet, zile mbio za ski za Sweden: hapa tupeane namba na sababu zake. Hadithi za nani alianguka wapi zina uzi wake.

Naanza. Ni kilomita 90 kutoka Sälen hadi Mora, Jumapili ya kwanza ya Machi, mtindo wa klasiki (ski zinakwenda sambamba kwenye mifereji ya theluji), na mbio zimekuwepo tangu 1922. Lengo la "nimalize tu" halikusaidii ukiwa njiani, kwa sababu vituo vina saa za kufungwa na ukichelewa unatolewa. Weka lengo kwa vituo: Smågan km 11, Mångsbodarna 24, Risberg 35, Evertsberg 47, Oxberg 62, Hökberg 71, Eldris 81.

Tuseme unataka saa 10. Ukigawa sawasawa unapata km 9 kwa saa, na hapo ndipo wengi hupotea. Mbio zikianza tu, saa 2 asubuhi, kuna mlima wa kama km 3, maelfu ya watu wanabanana na foleni inasimama kabisa. Aliyepanga Smågan kwa saa moja na dakika chache atajikuta anafidia muda kwa nguvu, na mikono itaisha kabla ya Evertsberg. Ipe Smågan saa 2. Zinabaki km 79 kwa saa 8, karibu km 10 kwa saa pamoja na kusimama vituoni. Kama mazoezini huishiki kasi hiyo saa 3 mfululizo, andika 11 na usione haya.

koki_na_nta
Mkuu umenena, ila ratiba yote hiyo inaweza kufia kwenye ski. Kwanza pima ugumu wake. Sakafu iwe tambarare, weka karatasi chini ya ski, simama kwa miguu yote miwili: karatasi iteleze bila kukwama kuanzia kisigino hadi kama sentimita 30 mbele ya vidole. Hamishia uzito wote kwenye mguu mmoja: ikwame. Isipokwama, ski ni ngumu kuliko uzito wako, na mlimani utarudi kinyumenyume. Ikikwama ukiwa umesimama kwa miwili, ski ni laini mno. Nta ya kushika, ile inayoizuia ski isirudi nyuma unapojisukuma, itaburuzwa muda wote na kuisha mapema.

Nta ya kushika hupakwa eneo la katikati tu, chini ya mguu na mbele yake. Anza na nta ya msingi, ipashe moto kidogo iingie, iache ipoe. Halafu tabaka 4 hadi 6 nyembamba, kila moja ukiisugua kwa koki (kipande cha gome laini kama kizibo cha chupa) mpaka ilainike. Tabaka moja nene hukusanya theluji, unabaki na viatu vya visigino virefu. Kopo limeandikwa nyuzijoto zake. Soma joto la theluji, siyo la hewa peke yake. Theluji iliyoyeyuka ikaganda tena hukwangua nta ya kawaida, hiyo inataka klista, ile inayonata kama asali. Ncha na mkia zipate nta ya kuteleza, na iwe isiyo na florini: FIS, shirikisho la kimataifa la ski, wameipiga marufuku yenye florini.

Swali la haraka
Na ski za ngozi je? Mimi na klista hatuelewani.

koki_na_nta
Kwa mwanzilishi ndizo ningechagua, ndugu. Ukanda wa nywele unashika wenyewe, hasa joto likicheza karibu na sifuri ambapo kuchagua nta ni mateso. Unapoteza mtelezo kidogo. Theluji mpya yenye unyevu inaweza kuganda kwenye ukanda, kwa hiyo paka dawa ya kuzuia kuganda usiku wa kuamkia mbio.

dada wa Lillehammer
Kwenye chakula watu wanazembea. Lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na anza mapema, njaa isikutangulie. Supu ya bluberi vituoni ni nzuri, lakini usiifanye mlo pekee. Mpira wa kunywea wa begi la maji huganda kwanza. Baada ya kunywa puliza maji yarudi ndani, kisha ufiche mpira chini ya jaketi. Fimbo za klasiki ziwe kama 83% ya urefu wako ukiwa na viatu.

Tena msirukie 90. Vasaloppet wenyewe wana mbio za 30 na 45 wiki hiyohiyo. Huku Norway, Birkebeinerrennet ni km 54 kutoka Rena, na unabeba begi la kilo 3.5. Kabla ya hapo kuna lengo dogo lenye raha kuliko yote: hesabu misukumo ya fimbo mbili kwa mita 100 tambarare. Idadi ikishuka kwa kasi ileile, ujue unasukuma kwa tumbo na mgongo badala ya mabega, na saa ya tano bado unateleza. Utamu wa masafa marefu uko hapo.

mtazamaji wa Eldoret
Olimpiki ya Nagano 1998, Philip Boit wetu wa Kenya alikuwa wa mwisho kwenye mbio za km 10, kama dakika 20 nyuma ya Mnorway Bjørn Dæhlie, na bingwa alimngoja pale mwisho amkumbatie. Boit alirudi Olimpiki 2002 na 2006. Sasa wasio na theluji miezi minane tufanyeje?

dada wa Lillehammer
Ski za magurudumu, kaka. Nunua za klasiki, zile zenye gurudumu lisilorudi kinyume. Hazina breki, kwa hiyo chagua barabara isiyo na mteremko mkali, vaa kofia ngumu na kizibao cha kung'aa. Ncha za fimbo ziwe za chuma kigumu na uzinoe mara kwa mara; butu zinateleza kwenye lami, na kiwiko ndicho kinachoumia.