Naomba ushauri: mwanangu ana selimundu, je, tusubiri tiba ya jeni?

Mama Pili: Wanajamvi, salaam. Binti yangu ana miezi 11, na baada ya vidole vyake kuvimba alipimwa akakutwa na selimundu. Daktari anashauri aanze dawa ya haidroksiurea, lakini shemeji yangu anataka tusubiri tiba ya kuhariri jeni, na anashikilia kwamba kwa kuwa jeni hiyo imo mwili mzima, ubongo na macho navyo vimeugua tangu tumboni. Mbona alizaliwa mzima kabisa?

Fundi Maabara: Pole sana, mama. Jeni yenye kasoro, ya beta globini (sehemu ya himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu), imo katika karibu kila seli, lakini hufanya kazi katika seli za uboho zinazotengeneza chembe nyekundu za damu. Kwenye ubongo na macho imezimwa. Madhara hufika huko kwa njia ya damu, pale chembe zilizojikunja kama mundu zinapoziba mishipa midogo, kwa hiyo mnayo nafasi ya kuyapunguza. Tumboni binti yako alitumia himoglobini ya kichanga, inayotokana na jeni nyingine isiyo na kasoro hii. Jeni hiyo hufifia miezi michache baada ya kuzaliwa, beta inaposhika zamu, na haidroksiurea husaidia kwa kuiamsha tena hiyo ya kichanga.

Baba Neema: Dada, usisubiri. Tiba anayoitaja shemeji, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, kwa wenye umri wa kuanzia miaka 12, na bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Kabla ya kuipokea, mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uboho wake. Wangu ana miaka 8, anatumia haidroksiurea, na siku za kulazwa zimepungua sana. Shikilia pia penisilini ya kila siku, chanjo na chandarua.

Mama Pili: Nashukuru. Lakini kuhariri jeni hakugusi ubongo?

Fundi Maabara: Hofu yako ina msingi, maana jeni inayozima himoglobini ya kichanga, BCL11A, inahitajika pia katika ukuaji wa ubongo. Ndiyo maana watafiti wa Casgevy hawakuiharibu yenyewe, bali walikata swichi inayoiwasha katika seli zinazozaa chembe nyekundu, tena baada ya kuzitoa seli hizo nje ya mwili. Kwangu mimi, huo ndio uzuri wa kazi hiyo.

Mama Pili: Nimeelewa. Jumatatu tunakwenda kliniki kuanza dawa, na shemeji nitakwenda naye.

Baba Neema: Ulizia ratiba ya kupima damu, kwani dawa hiyo inaweza kushusha chembe nyeupe.