MREJESHO: Waya wa shaba unaochoka jioni

Wakuu, nilileta swali hapa: uzito nilioning'iniza kwenye waya wa shaba (wa kusukia mota, wa Kariakoo), ukiusokota asubuhi unazungukazunguka muda mrefu, ila jioni, baada ya kuchezeshwa kutwa, unatulia upesi. Wengi mlisema feni. Joto hili la Dar nilivumilia, nikaizima, mambo yaleyale.

Aliyesema "upumzishe" ndiye aliyepatia. Niliuacha Jumapili nzima, Jumatatu ukazunguka vizuri tena. Cha ajabu, muda wa kwenda na kurudi mara moja hauonekani kubadilika. Kinachoongezeka ni nishati inayopotelea ndani ya metali yenyewe ikawa joto. Mwanafizikia William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliliona hili miaka ya 1860, akaliita uchovu wa unyumbufu.

Sasa, msichanganye na ule uchovu wa kukatika, yaani metali kupindwapindwa hadi ikatike. Pale juu kwenye koleo linaloubana, waya ulishakakamaa kwa kupindwapindwa, na hapo mapumziko hayasaidii. Nimekata kipande hicho, nikabana upya. Waya umepungua urefu, kwa hiyo sasa unakwenda na kurudi haraka kidogo.