Eti ngalawa ya babu INANUKA na inachafua bahari! Kasema nani? Yule yule!

Wakuu, nimetoka pwani sasa hivi, mchanga bado uko miguuni na sijaoga, maana nikioga hasira itapoa na sitaki ipoe.

Leo zilikuwa resi za ngalawa, na mwaka huu wameziita "za kijani". Sawa, nani anakataa? Bahari ndiyo sahani yetu. Sasa yule bwana, mnamjua, sina haja ya kumtaja, mwenye kofia ya ukili anayolala nayo, kafika kwa boti ya mashine mbili. MBILI! Mwendo wenyewe kuku angeuogelea. Nyuma yake boti ya kamati, boti ya wapiga picha, boti ya waalikwa, na boti moja ambayo mpaka sasa hakuna anayejua ilifuata nini, nadhani ilibeba pilau. Zote mashine za kuchanganya petroli na oili, zile ambazo hata robo ya zinachokunywa zinakitema kibichi baharini. Maji yakawa na rangi zote za khanga.

Kashuka, akaanza kukagua ngalawa moja moja kama daktari wa meno. Kufika kwa babu yangu akaziba pua. KAZIBA PUA! "Mzee, chombo chako kinanuka, hakiendani na mazingira. Kakioshe kwa sabuni ndiyo urudi."

Kinanuka! Ile ni sifa, mafuta ya papa, ndiyo inayouzuia mti usinywe maji. Babu kaipaka jana usiku kwa mkono wake. Gogo la mwembe, tanga, na upepo wa Mungu, basi. Na aliyeziba pua nyuma yake mashine mbili zinafuka kama jiko la mkaa mbichi.

Maji ya kunywa sasa. Katoni za chupa za plastiki, na kila chupa imeandikwa "Tuitunze bahari yetu". Kusi likavuma, chupa tupu zikaondoka zote, zikafika kabla ya ngalawa yoyote. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar 2006, nadhani wamesoma sheria wakaona chupa si mfuko.

Na zawadi ya mshindi wa resi za kijani? Mashine ya petroli. Wallahi tena.

Yote namsamehe. Ile pua simsamehe. Babu ana miaka 70 na zaidi hajaambiwa ananuka, hata na bibi.

Chumvi Mbili: Bila picha ya pua hii ni chai.

Kaskazi: Mmekuwa wa ngapi? Tuanzie hapo.

Mleta mada: Hilo halihusiani na uzi.

Kaskazi: Wa mwisho huyu 😂😂

Pweza Mkavu: Simtetei bwana kofia, ila sifa inanuka jamani. Mimi nimeoa kwa fundi wa mashua, mpaka leo nikivaa kanzu ya harusi paka wananisindikiza msikitini.

Nahodha Mstaafu: Vijana hamjui. Hizo boti zao za starehe chini zinapakwa rangi yenye shaba, chaza wasishike. Zamani walitia na sumu ya bati, mpaka konokono wa kike wakaota viungo vya kiume, ndipo ikapigwa marufuku kimataifa 2008. Sisi chini tunapaka deheni, chokaa na shahamu. Halafu nanga zao wanazitupa juu ya matumbawe wakati wangeweka maboya ya kufungia, yakadumu miaka. Nani mchafu?

Chumvi Mbili: Subiri kwanza. Konokono wakaota NINI?

Mwana wa Shela: Huku Lamu watu wameunda jahazi zima la plastiki na ndara zilizookotwa, Flipflopi, na 2019 likaenda kwa tanga mpaka huko kwenu Unguja. Nyinyi mwaka huu mnajadili pua.

Pweza Mkavu: Watu wa Lamu mkianza kujisifu kunakucha. Turudini kwa konokono.

Bi Mwani: Nyote kaeni kimya. Boti hizo hizo zimepita juu ya shamba langu la mwani, panga la mashine limekata kamba na vigingi vimeng'oka. Miezi miwili ya kuinama kwenye maji, chumvi mpaka kwenye meno. Mbona mimi sijafunguliwa uzi? Au mpaka mtu anizibie pua?

Mleta mada: Pole sana bibi. Lakini uliiona ile pua?

Abiria wa Juzi: Afadhali nyinyi. Kwenye boti ya kwenda Dar mhudumu anagawa vifuko vya kutapikia, halafu anavikusanya vyote vizuri, kwa adabu kabisa, anavimwaga baharini.

Kaskazi: Wewe ulitapika mara ngapi?

Abiria wa Juzi: Hilo halihusiani na uzi.

Bandarini Biashara: Samahani kwa kuingilia. Nauza mashine ya boti, farasi 15, imetumika kidogo, bei maelewano.

Mleta mada: Inakula lita ngapi kwa siku? Nauliza tu.

Kaskazi: Babu anajua?