Nyuroni mpya chache hivyo zinabadilishaje hipokampasi?

Mdadisi: Wakuu naomba kueleweshwa. Shule tulikaririshwa seli za ubongo zikifa ndo basi hazirudi, sasa nasoma eti mtu mzima anaendelea kutengeneza nyuroni (seli za neva) kwenye hipokampasi, ile sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, kuna vipimo vya kaboni 14 (vya kujua umri wa seli) vya 2013 vilikadiria kama 700 kwa siku kila upande. Pale si kuna mamilioni ya seli? Hivyo vitoto vinabadilisha nini?

Sinapsi_Moja: Mkuu usiangalie wingi angalia umri. Seli ikizaliwa pale denteti jairasi (sehemu ya hipokampasi) mwanzoni haina makali, hata GABA, kemikali inayowatuliza seli wakubwa, yenyewe inaiamsha. Ikifika kama wiki ya 4 hadi ya 6 (hapo naongelea panya) ndo balaa, inashtuka kwa kichocheo kidogo tu na sinapsi zake (maungio na seli nyingine) zinaimarika chapchap, wakati huo seli wazee wengi wamekaa kimya hawafyatui kabisa. Alafu hii ndo naipenda: haipeleki ujumbe CA3 (kituo kinachofuata ndani ya hipokampasi) peke yake, inaamsha pia zile seli za breki, zinazozuia wenzao, na breki zikikanyaga wazee wananyamaza zaidi, yani kitoto kimoja kinatuliza ukumbi. Seli chache zikiwaka kwa wakati mmoja, kumbukumbu zinazofanana hazichanganyiki, mfano funguo umeweka wapi leo na uliweka wapi jana.

kiazi_mbishi: Sawa ila mnasahau hasara yake. Kitoto kinapotafuta sinapsi kinagombania nafasi na wenye nyumba, waya zile zile kutoka gamba la entorainali (sehemu ya ubongo inayoleta taarifa hipokampasi). 2014 panya waliofundishwa kuogopa chumba fulani halafu wakapewa gurudumu la kukimbilia, nyuroni mpya ziliongezeka na ule woga wakausahau. Saketi ikipangwa upya cha zamani kinafutika, bure hakuna.

Mdadisi: Duh. Kwahiyo nikimaliza kusoma nisikimbie 😂

Sinapsi_Moja: Kimbia tu, wale panya wa 1999 walikimbia kwanza ndo wakafundishwa na walijifunza vizuri kuliko waliokaa. Alafu wewe sio panya, kwa binadamu bado watu wanagombana, 2018 timu moja ilisema baada ya utoto hazionekani, nyingine mwaka huo huo ikaziona mpaka kwa watu wazee, na ugomvi mkubwa ni jinsi ubongo wa marehemu ulivyohifadhiwa kabla ya kupakwa rangi za kupimia.

kiazi_mbishi: Hapo kwenye kuhifadhi ungefungua uzi wake kabisa