Bima ya afya kwa fukara wa Uganda: aombe kwa fomu, au atajwe na kijiji?

Ndugu zangu, naileta hoja hii tuijadili. Muswada wa bima ya afya ya taifa ulipitishwa na Bunge letu tarehe 31 Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini, na hadi leo tunasikia tu kwamba utarudi. Mapendekezo ya wakati ule yalikuwa mwenye mshahara akatwe asilimia 4, mwajiri aongeze 1, asiye na mshahara atoe shilingi 100,000 kwa mwaka, na fukara alipiwe na serikali. Wengi wanagombania ile asilimia 4. Mimi kinachonikosesha usingizi ni huyo fukara. Nani atamtambua, na kwa njia gani?

Msimamo wangu: asiombe. Atajwe na kijiji chake.

Mama yangu mkubwa anakaa kijijini, nje kidogo ya Busia. Bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1962 alikuwa ameshaolewa, ana mtoto mgongoni; kisa hicho tumekisikia tangu utotoni. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1952. Yaani aliolewa kabla ya kufika miaka 10! Kwa kosa la tarakimu moja hapati zile shilingi 25,000 za kila mwezi wanazopewa wazee waliofikisha miaka 80. Nilimpeleka kusahihisha. Tukaambiwa tulete cheti cha ubatizo. Kanisani daftari la miaka ile lilishaliwa na mchwa. Tukaambiwa barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Tukaileta, mhuri ukaonekana umefifia, tukarudishwa. Mama mkubwa akakitia kitambulisho ndani ya leso aliyofungia nauli, akapiga fundo mara mbili, akaniambia, "Mwanangu, twende nyumbani. Mtama haujapaliliwa." Hajakubali kurudi tena.

Mtu huyo ndiye tunataka ajaze fomu ya kuthibitisha ufukara wake? Hapo ng'ambo, Kenya ilianza mfumo mpya wa bima ya afya Oktoba 2024, na asiye na mshahara huulizwa kuhusu nyumba na mali zake ndipo akadiriwe mchango. Rwanda kwa miaka mingi wanakijiji walikaa wenyewe wakapangana katika makundi ya ubudehe, kwa hali ya maisha ya kila kaya, na kundi la chini kabisa likalipiwa na serikali mutuelle, yaani bima ya afya ya jamii. Mimi nachagua njia hiyo ya Rwanda. Anayepinga aseme.

Mfanyabiashara, Malaba:
Kaka, pole kwa ya mama. Lakini hicho kijiji unachokiamini ndicho kinachotuumiza. Zilipokuja pesa za PDM, ule mpango wa serikali wa kuinua kaya maskini kupitia parokia, milioni moja kwa kaya, kwetu waliotajwa mwanzo walikuwa mashemeji na mabinamu wa wakubwa. Mjane jirani yangu aliambiwa asubiri awamu ijayo, na bado anasubiri. Fomu haina shemeji. Rekebisheni vitambulisho, pelekeni mashine hadi sokoni, kila mtu aulizwe maswali yale yale.

Muuguzi wa kituo cha afya:
Wote wawili mnabishania mlango, na ndani hamna kitu. Ada zilifutwa kwenye vituo vya serikali mwaka 2001, zikabaki kwenye wodi za kulipia tu. Kwenye karatasi kila mgonjwa anatibiwa bure. Juzi usiku aliletwa mtoto wa malaria kali. Dawa ya sindano tulikuwa nayo, kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, zimekwisha. Nikamwandikia mama yake kikaratasi akanunue ng'ambo ya barabara. Alikikunja mara nne, akakishika mkononi, akabaki amekaa. Hana pesa, na anaona haya kusema. Tukachanga, mimi na mwenzangu. Huyo mama mkimpa kadi leo, kesho kanula itatoka wapi? Jazeni stoo kwanza.

Mwanzisha mada:
Dada muuguzi, Mungu akubariki kwa mtoto huyo. Stoo tupu ni kweli, sina ubishi. Ila kwa sasa kituo hupata mgao uliopangwa mapema, wagonjwa wawe wachache au wafurike. Bima ikiandikwa sawasawa, pesa inamfuata mgonjwa: kituo kilichomtibu kinalipwa, na hata hospitali ya misheni inaweza kumpokea. Ndiyo maana siwezi kuiacha kadi isubiri stoo ijae.

Kaka wa Malaba, kwa hao wakubwa wa kijiji umenishinda. Nilikosea kusema "kijiji" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mhuri. Kisiizi, kule kusini magharibi, watu wamejiunga na bima ya hospitali tangu 1996 kupitia engozi, vile vikundi vya kubeba wagonjwa kwa machela. Waliobebana mlimani usiku wanajuana hali. Na kwetu kila mtaa una kikundi cha mazishi: daftari lipo, na wanajua nani hajaweza kuleta hata kuni kwenye msiba tangu mwaka juzi, wala hawamfukuzi. Hao ndio wataje majina, orodha isomwe hadharani, na mwenye pingamizi asimame. Fomu ibaki kwa mpangaji wa mjini asiyejulikana na jirani.

Sasa nikuulize wewe, kaka: huyo mjane wa kwenu, kikundi cha mazishi kingemruka?